Jibu: Usiwatumie makala hao watu wa siku tano

Dada, usitume. Swali lako nimelisoma lote, la kupanga faili la kupanda cheo, la wadhamini, la usaili na mengineyo, lakini jicho limenata pale chini: umebakiza makala mawili kutimiza alama za mhadhiri mwandamizi, na kuna jarida limekuahidi kuyatoa kwa siku tano, nusu bei ukilipa kabla ya Ijumaa. Siku tano! Hapa Malindi hata fundi wangu wa kanzu akisema siku tano najua ni wiki tatu, na yeye hana wahakiki.

Mimi yalinikuta hayo hayo mwaka 2016. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya vya 2014 vilikuwa vimeshaanza kutubana: alama 32 za machapisho tangu uwe mhadhiri, na zisipungue 24 kutoka majarida yanayohakikiwa. Makala moja ya jarida kama hilo, alama 8. Nikapiga hesabu juu ya karatasi ya mahamri: nne mara nane, kazi imekwisha.

Na mali nilikuwa nayo, si porojo. Nilikuwa nimerekodi vave kisiwani Pate, zile tungo wanazoimba wakulima wa Kibajuni usiku wa kuamkia kuchoma shamba jipya. Safari sita. Kusubiri maji yajae ndipo boti ipite mkondo wa Mkanda, kulala Faza kwa watu, kumbembeleza mzee mmoja ambaye mwaka mzima alikataa kuimbia mashine. Siku alipokubali aliimba mpaka alfajiri, na mimi nabadilisha betri mikono ikitetemeka.

Hiyo ndiyo niliyoitia chooni.

Aliyenielekeza ni mkubwa wangu idarani. Simtaji, ana wajukuu. "Kijana, hawa hawasumbui, namba ya ISSN wanayo." Yeye alipanda cheo zamani, kila chuo kilipokuwa na vigezo vyake, na tangu hapo sidhani amefungua jarida lolote, ila nasaha anagawa kama halua ya Maulidi. Na ISSN, hiyo namba ya utambulisho wa jarida, ni kama namba ya tuktuk: haikwambii kama dereva anajua kuendesha.

Nikatuma makala manne kwa miezi minne, kila moja dola 150. Kila moja lilikubaliwa ndani ya siku tatu. Sasa sikiliza, na ucheke mapema ili nisione aibu peke yangu: makala yalikuwa ya Kiswahili, yamejaa mifano ya Kibajuni, na wahakiki wote wawili walinisifu kwa Kiingereza changu fasaha. Nilisoma sifa hizo nikafurahi! Nikamsomea na mke wangu.

Kwenye usaili, mjumbe mmoja wa kamati akafungua toleo langu kwenye simu yake palepale. Kabla ya vave kuna makala ya saruji. Baada ya vave, magonjwa ya kuku. Akaniuliza mhariri ni nani, nikataja jina lililo kwenye tovuti. Akatabasamu. Niliingia na alama 32, nikatoka na sifuri.

Nilipofika nyumbani ndipo nikafanya nililopaswa kufanya mwanzo: nikawaandikia watu wa ile bodi ya wahariri, kwa anwani za vyuo vyao, si zile za kwenye tovuti ya jarida. Wa kwanza akajibu hajapata kulisikia jarida hilo. Wa pili, idara yake ikanijibu kwamba alifariki kabla jarida halijaanzishwa. Kazi yangu ilihaririwa na marehemu.

Ungesema basi yaondoe, uyapeleke pengine. Nilijaribu. Jarida la maana linataka kazi ambayo haijachapishwa popote, na hao matapeli wakanidai dola 200 kwa kila makala ndipo wayatoe. Nikasema nirudi Pate nirekodi upya. Yule mzee alikuwa ameshazikwa.

Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, mwandikie mjumbe mmoja wa bodi kwa anwani ya chuo chake, umuulize kama kweli yumo. Asipojibu, muulize mwingine. Usiniambie jarida halimo kwenye orodha ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall. Mkutubi huyo aliiondoa Januari 2017, na matapeli wapya wanazaliwa kila kukicha. DOAJ, ile orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, itazame, ndiyo, lakini barua pepe andika vilevile. Kwa kazi zetu za Kiswahili yapo majarida ya watu wenye sura: *Kiswahili* la Dar es Salaam, *Swahili Forum* la Leipzig ambalo kila mtu analisoma bure. Watakuchelewesha na watakurudishia kazi imejaa wino mwekundu. Vumilia. Mimi nilipanda cheo 2021, miaka mitano baadaye, kwa makala yaliyonitoa jasho.

Ulisema pia habari ya faili... panga kwa miaka, weka barua zote. Na wadhamini, uliuliza wawe wa nje ya chuo au vipi? Hilo nitarudi kulijibu.

Kwanza nijibu wewe: hela hujatuma?