Sikio moja ndani, moja nje

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga kinanda kwenye bendi ya watu sita, kazi zetu nyingi ni harusi za hapa Dodoma. Mwaka huu tulichanga tukanunua monita za masikioni, vile visikilizio vya kujisikia mkiwa jukwaani, tukaachana na spika za sakafuni. Mwimbaji wetu anasema akizivaa anajisikia kama anaimba ndani ya mtungi. Mimi najiona nimefungiwa chumbani, hata ukumbi ukishangilia sisikii. Basi wote tunachomoa upande mmoja. Asubuhi sikio langu la kushoto linalia nyiii. Tuziuze?
Mpiga kinanda, Kizota

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msiuze. Ila huo mchezo wa kuchomoa upande mmoja uishe wiki hii, maana ndio unaokuliza sikio.

Masikio mawili yakisaidiana, sauti ndogo inatosha. Ukichomoa moja, lililobaki linadai liongezewe, na lile lililo wazi linachapwa na drams na matoazi bila kinga. Unapandisha, unapandisha tena. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8; kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu. Kwenye 100 umebakiwa na dakika 15, na hizo kwenye harusi zinaisha kabla maharusi hawajafika mezani. Hiyo nyiii ikiendelea kurudi, nenda kwa daktari wa masikio, usije kwangu.

Mwimbaji wako hajakosea. Sauti yake inapita kwenye mifupa ya taya hadi kwenye tundu la sikio, na tundu likizibwa zile sauti nzito hazina pa kutokea. Ajaribu mipira ya ncha, ile inayoingia sikioni, ya saizi nyingine, hasa ya sponji: unaifinya, unaiingiza ndani zaidi, unaishikilia hadi itanuke. Mpiga besi naye afanye hivyohivyo. Besi ikisikika nyembamba kama ya redio ya mkulima, usikimbilie miksa. Kwanza angalia kama mpira umeziba sawasawa. Mwimbaji mwongezee na mwangwi kidogo kwenye monita yake peke yake.

Chumba ulichofungiwa dawa yake ni maikrofoni mbili pembeni mwa jukwaa, zikiwatazama wageni. Hazipelekwi kwenye spika za ukumbi hata kidogo, zinakwenda masikioni mwenu tu, kwa sauti ya chini. Vigelegele utavisikia. Nje uzifunike sponji nene: mwezi wa nane niliziweka uchi kwenye sherehe ya uwanjani huko Chamwino, upepo wa Dodoma ukatupigia ngoma yake usiku kucha. Lakini siku hiyohiyo mpiga zeze tuliyekuwa naye alilia kwa furaha. Miaka yote drams zilikuwa zinammeza, hakuwa amewahi kusikia kibuyu chake vizuri akiwa jukwaani.

Kwenye miksa, kila mtu apewe oksi yake, yaani njia yake ya pembeni ya kupelekewa sauti, na iwe inayochukua sauti kabla ya kitelezi cha kupandisha na kushusha, ili fundi akigusa sauti ya ukumbi asiwavurugie. Wewe weka kinanda chako na mwimbaji mbele, drams kidogo, vingine vionje tu. Washeni kizuizi cha kilele, kinachozuia sauti isiruke ghafla, kwenye pakiti, kile kikasha cha kiunoni unachochomekea visikilizio. Mimi maikrofoni iliwahi kudondoshwa nikiwa nimevaa bila hicho kizuizi, nikashinda siku nzima nasikia upande mmoja.

Visikilizio vya Bluetooth vya simu visikaribie jukwaa, vinachelewesha sauti, mtapishana na drams. Wewe na mpiga drams mnakaa, kwa hiyo waya unawatosha. Pakiti isiyo na waya apewe mwimbaji, na betri mpya kila harusi. Zilizotumika zipeleke kwenye rimoti ya nyumbani.