Maswali yenu: Kitulo, okidi na ndege wa mashimoni

Mvua zimeshika nyanda za juu kusini, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari za Kitulo, hifadhi ya maua kule Makete, wenyeji wanakokuita Bustani ya Mungu.

Maua yanachanua lini? (Wasomaji kadhaa)
Nalijibu swali hili kila mwaka. Desemba hadi Aprili. Ukienda Agosti utakuta nyasi kavu na baridi ya kuumiza vidole, halafu utaniandikia kulalamika. Tena maua hayachanui yote kwa pamoja: baada ya wiki chache uwanda hubadilika rangi, kwa hiyo aliyekwenda Desemba akirudi Machi ataona mengine.

Je, nitaona simba?
Hapana. Nenda Ruaha.

Gari dogo litafika?
Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57, na msimu wa maua ndio msimu wa matope. Tafuta gari la juu na dereva anayeijua njia, na mpande mchana.

Nataka kung'oa okidi moja tu nikaipande kwenye chungu nyumbani, Dar. Niitunzeje?
Usiing'oe. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, na hata nje ya mpaka unaiua bure. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula. Huota tu ikikutana na kuvu wake udongoni. Mmea wenyewe umezoea baridi ya mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Chungu cha Dar kitaupa nini?

Tena tazama kilichoko chini ya shina. Okidi nyingi za pale zina viazi viwili vilivyokaa ubavuni: kimoja kimesinyaa kwa sababu kimelisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, kimejaa, ndicho ua la mwakani. Wachimbaji wa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivi, wanakitaka hicho kigumu. Kikitolewa, mmea umekwisha. Viazi hivyo vinavushwa kwenda Zambia, vinatwangwa na karanga na kupikwa. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, na bado magunia yanajazwa. Simlaumu mama wa kijijini anayechimba apate ada ya mtoto. Namlaumu mnunuzi anayemfuata hadi mlangoni, na wewe unayenunua kipande cha chikanda Tunduma, mpakani, bila kuuliza kimetoka wapi.

Mwanangu ameleta ua jekundu la mviringo, kama mpira wa sindano, limetoka ardhini bila majani. Ni nini? (Morogoro)
Kwa maelezo yako ni *Scadoxus multiflorus*, huchomoza mvua za kwanza zikinyesha. Kitunguu chake kina sumu. Mnawishe mikono mtoto, kisha mpeleke akakuonyeshe lilipokuwa. Mengine yaacheni palepale.

Kitulo niliona ndege mwembamba, mweusi wa kung'aa buluu, mkia una nyuzi mbili ndefu. Ni mbayuwayu wa kawaida?
Ulibahatika. Huyo ni mbayuwayu buluu, na amebaki mchache duniani. Huja kuzaa kwenye nyasi za nyanda za juu mvua zinapokaribia, na kuanzia Aprili huondoka kwenda upande wa Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya. Hatagi mtini wala darini. Hujenga kwa udongo na nyasi ndani ya shimo la ardhini, mara nyingi lililochimbwa na muhanga. Uwanda ukilimwa viazi, mashimo yanafukiwa na yeye hana pa kuzalia.

Kwa hiyo usichokoe shimo kwa fimbo wala kulimulika kwa simu. Ukimwona anaingia, rudi nyuma hatua 50, kaa kwenye nyasi, nyamaza. Kama ana makinda, atatoka na kurudi na wadudu mdomoni, na utamwona vizuri kuliko ungemfuata.