Malindi hadi Ziwa Nakuru: beba sweta, ficha mahamri

Ukutani kwa mamangu kuna kalenda ambayo mwaka wake ulishapita zamani, na hakuna aliyethubutu kuitoa. Inabaki kwa ajili ya picha: Ziwa Nakuru, ukingo mzima umetanda rangi ya waridi kwa heroe, wale ndege ambao wengi wetu twawaita flamingo. Kila mgeni akija lazima aonyeshwe. Mwaka jana nikaona isiwe ndoto tena, acha nimpeleke akawaone kwa macho yake. Tulikwenda wanne: mama, mke wangu, binti yetu wa miaka 8 na mimi. Tangu turudi nimeulizwa maswali na nusu ya mtaa, kwa hivyo nayajibu hapa yote kwa pamoja.

Kwanza, ile picha isahau. Nasema hivi mapema kwa sababu mimi sikuambiwa, na uso wa mama tulipofika ziwani sitausahau. Maji yamepanda tangu miaka ya 2010 na hayajarudi. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 40 hivi limepita 60, lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama inayolizunguka likamezwa likabidi lijengwe jingine, na barabara zilizokuwa zikizunguka ukingoni nyingine ziko chini ya maji. Utaona migunga mikubwa imekufa imesimama ziwani, myeupe kama mifupa. Mama alitazama kitambo, kisha akauliza swali la mtu aliyezaliwa pwani: “Bamvua gani hii isiyotoka?”

Na ndiyo hasa shida. Kwetu maji yakijaa, yatakupwa. Nakuru ni bakuli: mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia, hakuna mto unaotoka, maji huondoka hasa kwa jua. Mvua ikizidi mwaka baada ya mwaka, bakuli linafurika. Yale maji mapya yamepunguza magadi, na viani vidogo ambavyo ndivyo chakula cha heroe vinataka maji ya magadi makali. Chakula kikapungua, ndege wakahama. Siku ile tulihesabu kumi na kitu, wamesimama mbali kama wageni waliochelewa arusi. Ukiwa unatafuta makundi makubwa, panga kuongeza siku moja uende Ziwa Bogoria huko Baringo, zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka Nakuru mjini. Au, na hili lilimuuma mama kuliko yote, anza kwa kutazama hapa nyumbani. Kwenye mlango wa Mto Sabaki, kabla hujafika Mambrui, kuna misimu heroe hutua pale kwenye tope. Tumepita daraja lile maisha yetu yote tukiangalia mbele.

Sasa kwa nini nakwambia bado uende? Kwa sababu ya kifaru. Hifadhi ile ni ndogo, kilomita za mraba 188, na imezungushiwa ua wa umeme pande zote, hivyo vifaru huonekana kuliko karibu popote Kenya. Tulimkuta mmoja hatua chache kutoka barabarani, anakula. Dereva akazima injini. Kimya kile, ukasikia nyasi zinavyokatwa, krap, krap, kama mtu anafyeka uwanja kwa panga butu. Mdomo mpana umelala chini kabisa. Huyo ndiye wanayemwita kifaru mweupe, ingawa alikuwa rangi ya udongo aliogaagaa. Mweusi naye si mweusi, ila mdomo wake umechongoka, hula majani ya vichaka. Tazama mdomo, achana na rangi. Mama akamwangalia mikunjo ya ngozi mabegani akasema, “Maskini, amevaa nguo ya kaka yake.” Hakutaka tuondoke. Tulikaa pale karibu nusu saa, na hapo ndipo ushauri wangu mkubwa: mwambie dereva tangu mwanzo kwamba hamtaki kukimbizana. Madereva wengi wamezoea wageni wanaotaka kuona kila mnyama kabla ya chakula cha mchana, wanakupeleka mbio hadi shingo inauma.

Tembo hakuna, waambie watoto mapema. Wetu tuliwaona kwenye dirisha la treni tukipita Tsavo, wekundu kwa vumbi, nao wakatosha. Kama shida yako hasa ni tembo, Nakuru si safari yako; shika njia ya lango la Sala uingie Tsavo Mashariki, ni karibu nasi zaidi.

Njia tuliyotumia ni gari hadi Mombasa, treni hadi Nairobi, tukalala, kisha Nakuru, ambayo ni kama kilomita 160 kutoka Nairobi. Usimbebe mzee kwa mkupuo mmoja. Siku ya kulala Nairobi si hasara, magoti yatakushukuru.

Baridi. Watu wa huku hatuamini mpaka itupate. Nakuru iko juu ya mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo wanyama wanatembea. Mimi mjanja nilikwenda na shati la mikono mifupi. Mke wangu akaishia kunifunga leso yake shingoni, na askari wa langoni akanitazama kwa huruma. Sweta, soksi, na kofia ya mtoto. Kufikia saa nne jua limewaka utavivua, lakini alfajiri huna ujanja. Kwa wanaoswali, ratiba inakubali vizuri: mnaswali alfajiri mlikolala, mnakunywa chai, mnafika langoni likifunguliwa. (Binti yangu alipopiga kelele “Bibi, swala!” akionyesha kundi kichakani, mama akajibu bila kugeuka, “Bado, adhuhuri haijaingia.” Gari zima lilicheka, na dereva, mtu wa bara, ikabidi aelezwe.)

Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, ule mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni; pesa taslimu hazipokelewi. Fanya mapema ukiwa na mtandao, usingoje foleni ya langoni, na kila mtu mzima abebe kitambulisho, kwani bei ya Mkenya na ya mgeni zimeachana sana. Hapa niliumia. Jamaa aliyetupangia gari aliniambia bei yake ina kila kitu. Tulipofika langoni “kila kitu” kikawa gari na dereva tu. Sikuwa na maandishi, nilikuwa na maneno ya simu. Muulize mtu wako kwa ujumbe, jambo moja moja: kiingilio cha watu, kiingilio cha gari, mafuta, chakula cha dereva. Akijibu “usijali”, jali.

Gari la paa la kufunguka ni zuri kwa mzee kwa sababu anasimama kidogo na kunyoosha miguu, maana kushuka hairuhusiwi ila sehemu zilizotengwa. Mojawapo ni ule mwamba wa juu unaoitwa Baboon Cliff, ambapo ziwa lote linaonekana chini yako. Jina lake si la mapambo. Mke wangu alikuwa amepika mahamri usiku, akayafunga kwenye kitambaa ndani ya kikapu, na mimi nikaacha dirisha wazi “dakika moja tu” nipige picha. Nyani dume hakukimbia wala hakunyakua. Aliingiza mkono taratibu, akafungua fundo la kitambaa kama anayelijua, akachukua mawili, akaketi juu ya boneti akala la kwanza akinitazama. La pili akaondoka nalo. Binti yangu alitaka kumpa na mbaazi. Usimpe mnyama chochote, ni marufuku, na nyani aliyezoea chakula cha watu huishia kuwa hatari. Vioo juu, chakula ndani ya buti, mle mkiwa mmefunga gari.

Simba tuliona mmoja, yaani tuliona mkia. Chui hatukumwona. Twiga, nyati, kuro na punda milia walikuwa wengi hadi mtoto akaacha kuwataja.

Kalenda bado iko ukutani. Mgeni akija, mama humwonyesha heroe, kisha anaeleza habari za kifaru na nguo ya kaka yake, na jinsi mwanawe alivyotetemeka na leso shingoni. Juzi ameanza kuniuliza Bogoria ni nauli gani.