Maswali ya Wasomaji: Majoka ya Dinas Emrys

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba joka jekundu lililo kwenye bendera ya Wales lilifukuliwa chini ya ngome ya kale iitwayo Dinas Emrys. Je, ngome hiyo ipo kweli, au nayo ni hekaya kama joka lenyewe?

JIBU: Ngome ipo. Imejengwa juu ya kilima chenye miti na miamba karibu na kijiji cha Beddgelert, katika milima ya Eryri, kaskazini-magharibi mwa Wales, na mabaki ya kuta zake yangali yakionekana.

Simulizi lake la zamani zaidi tulilo nalo limo katika Historia Brittonum, kitabu cha Kilatini kilichoandikwa yapata mwaka 829 au 830. Humo tunasoma kwamba Vortigern, mfalme wa Waingereza wa kale (mababu wa Wawelisi), aliyekuwa akiwakimbia Wasaksoni, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, alitaka kujenga ngome katika milima hiyo, lakini kila vifaa vya ujenzi vilipokusanywa vilitoweka usiku. Wapiga ramli wake wakamwambia kwamba jengo halitasimama mpaka ardhi inyunyiziwe damu ya mtoto asiye na baba. Mtoto akatafutwa, akapatikana akicheza mpira na wenzake, akaletwa ili achinjwe. Naye, badala ya kulia, akawauliza wapiga ramli kuna nini chini ya ardhi waliyosimama juu yake. Walipokosa jibu, akawaambia wachimbe. Likaonekana dimbwi, ndani yake vyombo viwili, na kati ya vyombo hivyo hema lililokunjwa, ambamo walilala nyoka wawili, mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Wakaanza kupigana, na yule mwekundu, ingawa mwanzoni alielekea kushindwa, mwishowe akamfukuza mwenzake. Mtoto akaeleza kwamba mwekundu ni joka la Vortigern na mweupe ni la Wasaksoni. Kisha akalitaja jina lake, Ambrosius, ambalo kwa lugha ya Wales ni Emrys, na mfalme akamwachia ngome hiyo. Merlin, yule mchawi wa hekaya za Mfalme Arthur, ambaye wengi humtaja katika kisa hiki, hakuwamo kabisa: aliingizwa na mwandishi Geoffrey wa Monmouth katika miaka ya 1130, alipomfanya yeye na Ambrosius kuwa mtu mmoja.

Kwa maoni yangu, kisa hiki kinatueleza zaidi habari za karne ya 9 kuliko za karne ya 5, anamowekwa Vortigern. Kiliandikwa wakati mfalme Merfyn Frych akitawala Gwynedd, ufalme wa kaskazini mwa Wales, na kwa watu waliokwisha kupoteza sehemu kubwa ya kisiwa chao mikononi mwa Wasaksoni, utabiri kwamba mwekundu atashinda haukuwa hadithi ya kuwalaza watoto. Gildas, mtawa wa karne ya 6 aliyeishi karibu zaidi na matukio hayo, anamtaja Ambrosius Aurelianus kuwa kiongozi aliyepigana na Wasaksoni, wala hasemi lolote kuhusu majoka. Kuhusu bendera, joka jekundu lilibebwa na jeshi la Henry Tudor, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, katika vita vya Bosworth mwaka 1485, na bendera ya sasa ilitambuliwa rasmi mwaka 1959.

Wanaakiolojia nao walichimba kilimani hapo, hasa kati ya mwaka 1954 na 1956 chini ya H. N. Savory. Walikuta dimbwi, tena lililochimbwa kwa mikono ya watu, pamoja na vigae vya mitungi iliyosafirishwa kutoka nchi za Bahari ya Mediterania, dalili kwamba wakazi wake baada ya kuondoka Warumi hawakuwa watu wa hali ya chini. Msingi wa mnara wa mawe ulioko kileleni, ambao wageni wengi hudhani ni wa Vortigern, ni wa Enzi za Kati, karne nyingi baada yake. Dimbwi hilo halithibitishi kwamba Vortigern alifika hapo, sembuse majoka. Linaonyesha tu kwamba aliyetunga kisa, au aliyemsimulia, huenda alikifahamu kilima chenyewe.