Maswali na majibu: kitenzi "bask" na matumizi yake

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu kitenzi cha Kiingereza "bask". Tumeyajibu maswali yao pamoja kwa sababu yanashikana.

Kamusi yangu imeandika "ota jua", basi. Ndiyo maana yake yote? (Mwanafunzi, Iringa)

Kamusi yako haijakosea, ila imeishia njiani. "Bask" ni kukaa au kujilaza kwenye joto la kupendeza, bila haraka, huku ukilifurahia. Raha ni sehemu ya maana, wala si pambo. Mtu wa Makete au Lushoto anayetoka nje asubuhi ya Julai, akaweka kigoda ukutani upande unaopata jua na kuketi hapo mpaka baridi imtoke mwilini, huyo "is basking in the sun". Aliyesimama kituo cha daladala Dar es Salaam saa saba mchana mwezi wa Februari hafanyi hivyo, ingawa jua ni hilo hilo. Huyo anachomwa na jua, na kwa Kiingereza utaandika "standing in the scorching sun". Ukiandika "We basked in the sun for two hours waiting for the bus", msomaji ataelewa kwamba mlistarehe saa mbili nzima na wala hamkuwa na shida na basi.

Nimekatwa alama kwa kuandika "I was basking the sun". Kosa liko wapi? (Kidato cha Tatu, Morogoro)

Kiswahili ndicho kilichokuponza. Kwetu jua na moto hukifuata kitenzi moja kwa moja: naota jua, tunaota moto. "Bask" hakipokei yambwa (nomino inayotendwa) namna hiyo. Kinataka "in" kabla ya kile unachokifurahia: "bask in the sun", "bask in the sunshine", "bask in the warmth". Kwa kuwa hakina yambwa, hakina pia kauli ya kutendwa; "the sun was basked" si Kiingereza.

Kuwa mwangalifu unapofika kwenye moto. "Bask in the fire" ingemweka mtu ndani ya ndimi za moto. Andika "bask in the warmth of the fire", au useme kama wasemavyo wenyewe mara nyingi zaidi: "warm myself by the fire".

Unaweza kuliacha jua bila kulitaja endapo umetaja mahali na muktadha unajitosheleza: "lizards basking on a rock", "crocodiles basking on the river bank". Nchini Kenya utasikia pia "I'm going to bask" bila neno lolote la ziada, na vijana wa Nairobi wamekipachika viambishi vya Kiswahili kabisa: "nabask". Mtaani mtaelewana vizuri. Kwenye mtihani, taja jua.

Hutamkwaje? (Msikilizaji wa redio, Kigoma)

Kwa silabi moja tu. Waingereza wa kusini huvuta irabu, "baask". Wamarekani hutumia ile "a" ya "cat". Usiongeze irabu katikati wala mwishoni ukapata "basiki". Wakati uliopita, "basked", nao ni silabi moja: ile "-ed" husikika kama "t" nyepesi baada ya "k". Usikichanganye na "busk", ambacho ni kupiga muziki barabarani ili wapita njia watoe sarafu.

Gazeti la michezo limeandika "the team is basking in glory". Jua limetokea wapi? (Shabiki, Mwanza)

Hapo joto ni la sifa. Kinachofuata "in" kinaweza kuwa "glory", "praise", "applause", "success" au "admiration", na sharti la raha linabaki pale pale. Ndiyo maana huwezi "bask in sorrow". Anayejigaragaza katika huzuni yake mwenyewe ana kitenzi kingine, "wallow": "wallow in self-pity".

Angalia sauti ya sentensi pia. Kwa timu iliyotoka kubeba kombe, "basking" haina ubaya wowote. Kwa kiongozi anayepokea makofi ya kazi iliyofanywa na wengine, neno hilo hilo linabeba kijembe. Kijembe hicho husikika zaidi katika usemi "bask in reflected glory", yaani kujipatia sifa kwa ushindi wa mtu mwingine kwa kuwa tu una uhusiano naye. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Mmarekani Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tabia hiyo. Waliona kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu walivaa zaidi nguo zenye jina la chuo chao siku ya Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, na kwamba walisema "tumeshinda" kwa wepesi kuliko walivyosema "tumefungwa". Shabiki yeyote wa Simba au Yanga anaijua lugha hiyo: leo "tumewapiga", kesho "wamefungwa".

Ukitafsiri, liache jua. "Timu inaota jua la utukufu" haisemi kitu kwa Mswahili. "Bado wanachekelea ushindi" inatosha, au "wanafurahia sifa walizopata". Kwa ule usemi wa pili tuna "kutembelea nyota ya mwenzake", nao unabeba kijembe kile kile.

Natafsiri hadithi: "The village basked in the afternoon sun." Kijiji kinaota jua? (Mfasiri, Zanzibar)

Kwa Kiingereza, ndiyo. Mji, bonde, hata kisiwa kizima huweza "bask". Kwa Kiswahili sentensi inayumba. Mtu huota ndoto, mche huota, mzee huota moto. Akiwapo kiumbe hai msomaji huchagua maana mara moja, lakini "kijiji kiliota jua" inamwacha njia panda. Tungeandika "Kijiji kilikuwa kimetulia katika jua la alasiri." Utulivu ndio uliobebwa na kitenzi cha asili, nao umebaki.

Usikimbilie "kujianika" pia. Kinachoanikwa ni nguo, mpunga na dagaa. Mtu "akijianika juani", anayesema hivyo anamlaumu.

Tofauti na "sunbathe"?

"Sunbathe" ni hasa kwa watu: kujilaza juani makusudi, kwa kawaida ukiwa na nguo chache, kama wafanyavyo watalii Nungwi. Kwa mamba, neno la kawaida ni "bask".

Maelekezo ya kufuga mjusi wa Australia mwenye ndevu yanataja "basking spot" na "basking lamp". (Msomaji aliyeko Ujerumani)

Mahali pa kuotea joto na taa ya kuotea. Mjusi hutegemea joto la nje kupasha mwili wake, kwa hiyo jiwe lililo chini ya taa liwe na nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba ubaki na nyuzi 25 hivi. Kizimba chote kikiwa na joto moja, mnyama akishashiba joto hana pa kukimbilia.

"Basking shark" ndiye papa potwe? (Mzamiaji, Mafia)

Hapana. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote. "Basking shark" ni wa pili, na makao yake ya kawaida ni bahari za baridi na za wastani. Jina alipewa kwa kuwa huonekana akielea polepole juu ya maji kana kwamba anaota jua, kumbe anakula: huachama na kuchuja planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Katika tafsiri, taja kwanza jina la kisayansi, Cetorhinus maximus, kisha umwite "papa mwota jua", lakini usiandike popote kwamba hupanda juu kutafuta joto.