Mlituuliza: Usiku wa kwanza wa mchezo wa zamani

Kila mchezo wa muziki wa zamani unaporudishwa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, barua huongezeka mezani petu. Safari hii nyingi zinauliza jambo moja: tuyachukulieje maneno ya watu waliokuwa ukumbini usiku wa kwanza wa majaribio, kabla mchezo haujazinduliwa rasmi?

Mhariri, salaam. Nasoma kwamba mchezo fulani "umeanza", halafu wiki nne baadaye nasoma "umezinduliwa". Hapo katikati kunaonyeshwa nini, na mbona tiketi zinauzwa? – Mpenda Jukwaa

Ni mchezo uleule, ila bado uko kwa fundi. Broadway mchezo wa muziki kwa kawaida hupewa wiki tatu hadi tano za majaribio, maonyesho manane kwa wiki. Mchana waigizaji hurudi jukwaani kurekebisha yaliyokwama jana yake, na usiku huyaonyesha mbele ya watu waliolipa. Siku chache kabla ya uzinduzi mwongozaji huufunga mchezo, yaani kuanzia hapo habadilishi tena neno wala hatua. Wahakiki huingia katika maonyesho hayo ya mwisho, na walichoandika huwekwa mpaka usiku wa uzinduzi ndipo kichapishwe.

Tiketi zinauzwa kwa sababu mtazamaji ni sehemu ya kazi. Hakuna mazoezi yanayoweza kukuambia watu watacheka wapi. London kipindi hiki huwa kifupi zaidi na aghalabu bei hupunguzwa. Broadway usitegemee punguzo, hasa kama jina la nyota liko juu ya mlango.

Wapendwa wahariri, mtu mmoja aliyehudhuria anasema ukumbi mzima ulisimama mara tatu kabla hata ya mapumziko. Mwingine, usiku huohuo, anasema sehemu ya pili ilimchosha kupita kiasi. Nimwamini nani? – Msomaji wa Siku Nyingi

Waamini wote wawili, lakini kwanza jiulize ni nani anayenunua tiketi ya usiku wa kwanza. Mchezo ukiwa mpya, ni watu wenye udadisi. Mchezo ukiwa wa zamani, wengi wao wanajua kila wimbo kwa moyo, wana rekodi za waigizaji waliotangulia, na wamemsubiri nyota wake kwa miezi. Ongeza marafiki na jamaa wa waigizaji. Ukumbi wa namna hiyo hupiga makofi okestra inapogusa tu wimbo maarufu katika utangulizi, hupiga tena nyota anapoingia kabla hajafungua kinywa, na husimama wimbo mkubwa ukiisha. Hivyo kusimama kwao hakukuambii mengi. Kungekuwa habari kama wangekaa.

Cha kuchunguza ni makofi yasiyotarajiwa. Mwaka 2008, South Pacific iliporudishwa katika ukumbi wa Vivian Beaumont, New York, sakafu ya jukwaa ilirudi nyuma wakati wa utangulizi na kuwafichua wanamuziki 30 waliokuwa chini yake. Watu walishangilia, na bado hakuna aliyekuwa ameimba. Shangwe ile haikuwa ya jina la mtu wala ya kumbukumbu. Mtu akikuandikia habari ya namna hii, shika kalamu.

Kuhusu yule aliyechoka: uchovu wa sehemu ya pili usiku wa kwanza una sababu za kawaida kabisa. Makofi marefu yameongeza dakika, mandhari ya jukwaa inabadilishwa polepole kwa tahadhari, na mapumziko yamerefuka kwa foleni ya choo. Onyesho la kwanza kuzidi la wiki ya tatu kwa dakika 10 hadi 20 si ajabu. Na mzigo huo wote humwangukia mtazamaji saa nne usiku, si saa mbili. Ukiona malalamiko ya "imerefuka", tafuta kama msemaji ametaja mahali. "Ilirefuka" peke yake ni hali ya hewa. "Kuanzia mazungumzo ya mezani hadi wimbo wa dada mdogo, watu walikohoa" ni taarifa, kwa sababu kikohozi cha ukumbini mara nyingi si cha kifua. Akili ikikosa cha kushika, mwili hukumbuka kwamba una koo.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Wimbo wa mchezo wa muziki wa zamani mara nyingi humalizika kwa pigo moja kali la okestra, na taa hubadilika papo hapo. Pigo na taa kwa pamoja ndivyo vinavyowapa watu ruhusa ya kupiga makofi. Taa ikichelewa nusu sekunde, au mwigizaji akianza kutembea kabla ya pigo, mikono ya watu husita na makofi hutoka hafifu. Kesho yake utasoma "wimbo ule haukupokelewa vizuri". Mwimbaji hakukosea chochote. Fundi wa taa atapewa maelekezo mapya, na usiku wa tatu wimbo uleule utashangiliwa. Kwa hiyo ukisoma kwamba wimbo fulani "ulianguka", subiri maoni ya wiki ya pili kabla hujamhukumu mtu.

Mhariri, wote waliohudhuria wanalalamikia sauti: mara maneno hayasikiki, mara okestra inazidi. Kampuni kubwa namna hiyo inashindwaje kupanga sauti? Na mchezo ukasimama dakika kumi kwa sababu ya mitambo! – Sikio Kali

Tuanze na sauti. Wamepanga, ila wamepanga kwa ukumbi mtupu. Viti zaidi ya elfu moja vikijaa watu waliovaa nguo, miili na vitambaa hunywa sauti, hasa zile nyembamba za juu, na hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, t, f na k. Sauti inabaki na nguvu lakini maneno yanakuwa butu. Fundi hana namna ya kulifanyia mazoezi jambo hilo mpaka watu waje.

Kisha kuna kazi ya mkono. Maikrofoni za waigizaji haziachwi wazi zote kwa pamoja, kwa kuwa zingeokota pumzi, nyayo na okestra. Fundi hufungua ya anayesema na kuifunga anaponyamaza, mstari kwa mstari, usiku kucha. Watu wakicheka mahali ambapo hakuna aliyetegemea, mwigizaji husubiri au huendelea papo hapo, fundi huchelewa kidogo tu, na silabi ya kwanza humezwa. Jasho nalo lina yake. Maikrofoni hukaa kwenye ukingo wa nywele au juu ya sikio, na tone likiziba kitundu chake, mwimbaji husikika kama yuko ndani ya blanketi. Ndiyo maana waigizaji wakuu mara nyingi huvalishwa mbili.

Uliza pia msemaji alikaa wapi. Wa safu za mbele husikia okestra moja kwa moja kutoka shimo lake mbele ya jukwaa kabla ya spika, kwa hiyo kwake ala zitazidi daima. Aliye nyuma kabisa chini ya ghorofa ya viti hupata sauti iliyofifia. Lalamiko lisilo na kiti, tulione kama barua isiyo na anwani.

Ama mitambo: vipande vikubwa vya mandhari husukumwa na winchi (mashine za kuvuta kamba) zinazoongozwa na kompyuta, na kila kipande lazima kithibitishe kwamba kimefika mahali pake. Upindo wa gauni ukinasa kwenye mfereji wa sakafu, kifaa kikidondoka njiani, au mwigizaji akiwa hayuko kwenye alama yake, mfumo au mwendeshaji huzuia mwendo. Msimamizi wa jukwaa hutangaza kusimama, waigizaji hutoka, kasoro hurekebishwa, na mchezo hurudi nyuma kidogo kabla ya pale ulipokatika. Huo ni usalama unaofanya kazi. Ndiyo maana usiku wa kwanza mara nyingi mwongozaji au mtayarishaji hupanda jukwaani kuwaonya watu mapema, na onyo hilo, kwa njia, huwafanya watazamaji wawe wapole mno: mchezo ukisimama, hushangilia.

Kuna kupita kiasi pia. Spider-Man: Turn Off the Dark, ambao ulikuwa mchezo mpya, ulianza majaribio tarehe 28 Novemba 2010. Usiku ule ulisimama mara kadhaa na kuchukua takriban saa tatu na nusu. Ulizinduliwa 14 Juni 2011 baada ya maonyesho 182 ya majaribio, na wahakiki wengi hawakusubiri: waliandika Februari. Kusimama mara moja usiku wa kwanza kusikutishe. Kusimama mahali palepale wiki ya tatu, hapo pana tatizo la usanifu.

Salaam. Kama watazamaji hawakupenda, mchezo wa zamani unaweza kubadilishwa kweli, ilhali waandishi wake wengine wamekwisha fariki? – Mwanafunzi wa Maigizo

Hili ndilo swali tulilolipenda kuliko yote. Mchezo mpya huponywa kwa kuandika. Mwaka 1962, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum ulipojaribiwa Washington, watu walikaa baridi kwa sababu wimbo wa kwanza haukuwaambia kwamba walikuja kucheka. Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo zake, aliandika mwingine, Comedy Tonight, na hali ikageuka. Mwaka 1981, katika majaribio ya Merrily We Roll Along, watu hawakujua nani ni nani, wengine wakatoka kabla ya mwisho. Mavazi yaliwekwa kando, waigizaji wakavalishwa fulana zilizoandikwa wahusika wao ni akina nani. Haikusaidia: mchezo uliondolewa jukwaani baada ya maonyesho 16. Uliporudishwa Broadway mwaka 2023 ulijaza ukumbi wa Hudson, na mwaka 2024 ukapata Tony, tuzo kuu ya Broadway, ya mchezo wa muziki uliorudishwa.

Mchezo unaorudishwa hauna dawa hiyo ya kuandika. Maneno na nyimbo ni mali ya warithi au wenye haki, na kukata au kuongeza kunahitaji ruhusa yao, ambayo kwa kawaida hutafutwa kabla ya mazoezi. Kinachobaki mikononi mwa mwongozaji wakati wa majaribio ni kasi ya wimbo, taa, mavazi, mahali pa kusimama, urefu wa kimya, na mgawanyo wa ala. Vinaonekana vidogo, lakini Eliza, muuza maua wa My Fair Lady iliyorudishwa Lincoln Center, New York, mwaka 2018, badala ya kubaki na mwalimu wake Higgins kama ilivyozoeleka, alimwacha akaondoka kupitia katikati ya watazamaji, na hadithi nzima ikawa na maana nyingine bila kuongezwa wimbo hata mmoja.

Mageuzi makubwa huamuliwa mapema. West Side Story iliyoanza majaribio 10 Desemba 2019 ilikuja tayari haina mapumziko na wimbo I Feel Pretty umeondolewa. Oklahoma! ya mwaka 2019 ilikuja tayari na wanamuziki 7 tu. Waliokasirika usiku wa kwanza hawakuwa wakilalamikia kasoro ya kurekebishwa kesho. Walikuwa wakibishana na uamuzi wa msingi. Ukisoma maoni, tenganisha hasira ya "hawajamaliza" na hasira ya "wamethubutu". Ya kwanza ina tarehe ya mwisho. Ya pili haina, na kwa maoni yetu ndiyo yenye faida zaidi kuisoma, hata msemaji anapokosea.

Nina tiketi ya usiku wa kwanza, nimefuata nyota. Kuna hatari? – Mwenye Haraka

Ipo. Waigizaji wa akiba kwa kawaida hawajafanya mazoezi kamili wakati huo, kwani zamu yao ya mazoezi huanza karibu na uzinduzi au baada yake. Nyota akiugua wiki ya kwanza, onyesho huweza kufutwa kabisa. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla hujalipia hoteli, na usipange usafiri wa saa tano usiku.

Nataka kuandika maoni yangu nikitoka ukumbini, ila nisiwe mwonevu. Nianzie wapi? – Mwandishi Chipukizi

Andika saa pazia lilipofunguka, saa ya mapumziko na saa ya mwisho. Andika safu yako na kama uko chini ya ghorofa. Usiwashe simu. Penseli fupi na karatasi nene gizani vinatosha, neno moja kwa kila tukio: "kicheko", "kikohozi", "kimya". Kimya gawanya mara mbili, cha watu walioshika pumzi na cha watu waliokwisha ondoka kichwani. Cha kwanza hakina mlio wowote. Cha pili kina mlio wa karatasi za peremende.

Wakati wa mapumziko usitoe maoni yako, sikiliza ya wengine kwenye foleni. Wanazungumzia wahusika au wanazungumzia bei ya tiketi? Ukifika nyumbani, tenga ulichokiona na ulichotamani kukiona, maana kwa mchezo unaoujua tangu utotoni hivyo viwili hushonana. Na weka wazi kwamba lilikuwa onyesho la kwanza la majaribio, katika sentensi ya mwanzo. Kisha, kama mfuko unaruhusu, rudi baada ya mchezo kufungwa na mwongozaji, ukae kiti kilekile.