Nyusi za tatuu kuwa nyeusi mno siku ya tatu

Dada, umeuliza kama fundi amekosea kwa kuwa nyusi zako ni nyeusi tii siku ya tatu. Hapana, tulia. Nyingi ya rangi hiyo imekaa juu juu ya ngozi. Kati ya siku ya 5 na ya 10 vigaga vitabanduka, nyusi zitafifia hadi udhani rangi imetoweka, kisha itarudi taratibu kufikia wiki ya 4.

Usivibandue kwa kucha hata vikiwasha vipi! Kigaga kikitolewa kabla ya wakati huondoka na rangi, pakabaki pengo. Mafuta uliyopewa yapake kidogo tu, kama punje ya mchele kwa kila nyusi. Yakizidi, ngozi inalowana na kigaga kinalainika mapema. Jua kali, jasho jingi na kuogelea, acha kwa siku 10.

Marekebisho yasifanywe kabla ya wiki ya 6. Na kama ngozi yako ni ya mafuta, omba kivuli (rangi inayosambazwa laini kama poda) badala ya vimistari (michoro myembamba kama vinyweleo), maana vimistari hutawanyika.

Kinachotisha kweli ni usaha, au maumivu na uvimbe unaozidi badala ya kupungua. Hapo nenda hospitali, usimsubiri fundi.